Marko, Yohana, Waebrania au Kanuni ya Nikea: uanzie wapi kufundisha kwamba Kristo ni Mungu kamili?

Majilio au Kwaresima ikikaribia, viongozi wa jumuiya, makatekista na walimu wa kipaimara huulizana jambo lilelile: safari hii tukae na fundisho la umungu wa Kristo, lakini tushike andiko gani? Mmoja atasema Yohana, kwa kuwa ndiko kila mtu anakokimbilia. Mwingine atasema tukariri Kanuni ya Imani, tueleze sentensi moja baada ya nyingine. Wa tatu anataka Marko kwa sababu ni fupi. Kila mmoja ana hoja, na kikao kinaisha bila uamuzi.

Fundisho lenyewe ni hili: Yesu Kristo ni Mungu kamili na mwanadamu kamili, naye ni mmoja. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani, Waorthodoksi na sehemu kubwa ya Wapentekoste wanalishika. Kikundi kinaweza kulikosa kwa njia mbili. Watu huondoka wakidhani Yesu alikuwa mtu mwema sana ambaye Mungu alimpandisha cheo, au huondoka wakidhani alikuwa Mungu aliyejifanya mtu, asiyechoka wala kuumia kwa kweli. Mwalimu anayeogopa kosa la kwanza huangukia la pili, na katika makanisa yetu naona hili la pili ndilo linaloenea zaidi, kwa sababu linasikika kama heshima.

Nimelinganisha maandiko manne: Injili ya Marko, Injili ya Yohana, Waraka kwa Waebrania, na Kanuni ya Imani ya Nikea. Wimbo wa Wafilipi 2:5-11 nimeuacha nje makusudi. Ni aya saba tu, na unafaa kuwa sala ya kufungulia kipindi chochote, ukishika njia yoyote kati ya hizi nne. Aya za Biblia nimezinukuu kutoka toleo la Union la 1952, ambalo ndilo lililoko mikononi mwa wengi.

Vigezo

Nimepima kila andiko kwa mambo matano. La kwanza ni uwazi: je, umungu wa Kristo unatamkwa, au msomaji anaachiwa auone mwenyewe? La pili ni ubinadamu wake: andiko linamwonyesha akiwa na njaa, usingizi, machozi na kifo cha kweli? La tatu ni aya ngumu. La nne ni muda na ugumu wa kusoma, na la tano ni wasikilizaji linaowafaa.

Uzito mkubwa nauweka kwenye aya ngumu. Kila andiko kati ya haya manne lina mahali ambapo msikilizaji makini atanyosha mkono. Kiongozi akiparuka, mwanakikundi atapakuta mwenyewe nyumbani, au ataonyeshwa na mgeni aliyebisha hodi Jumamosi asubuhi, na siku hiyo ataona alifichwa kitu. Kwa hiyo usichague andiko kwa aya unayoipenda. Chagua lile ambalo aya yake ngumu uko tayari kukaa nayo jioni nzima.

Injili ya Marko

Uwazi. Marko hamwambii msomaji moja kwa moja kwamba Yesu ni Mungu. Anamweka mahali ambapo swali haliepukiki. Sura ya kwanza inaanza na maneno ya Isaya 40, "Itengenezeni njia ya Bwana," na kwa Isaya anayekuja kwa njia hiyo ni Mungu wa Israeli mwenyewe. Marko anaandika maneno hayo, anamtaja Yohana Mbatizaji, kisha anayetokea ni Yesu kutoka Nazareti ya Galilaya.

Sura ya pili inakwenda mbali zaidi. Watu wanne wanambeba mwenye kupooza hadi nyumba moja ya Kapernaumu, wanakuta umati, wanapanda juu na kutoboa dari. Msomaji wa Dodoma aliyewahi kuona nyumba ya tembe, yenye paa la miti na udongo, ataiona picha hiyo bila kuelezwa: vumbi linawaangukia walioketi chini, godoro linashuka. Kila mtu anangoja mgonjwa aponywe miguu. Yesu anasema, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Waandishi wa torati wanawaza mioyoni mwao: "Ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu?" Swali lao ni sahihi kabisa, na hilo kikundi kisiliache lipite. Yesu hawaambii kwamba wamemwelewa vibaya. Anamwinua mgonjwa, ili wajue kwamba Mwana wa Adamu anayo amri duniani ya kusamehe dhambi.

Mbele ya kuhani mkuu, katika 14:61-64, anaulizwa kama ndiye Kristo, naye anajibu "Mimi ndiye", kisha anajitaja kuwa ameketi mkono wa kuume wa nguvu na kuja na mawingu ya mbinguni. Hapo ameshika Zaburi 110 na Danieli 7 kwa pamoja. Kuhani anararua mavazi yake na kusema wamesikia kufuru. Msikilizaji akiuliza Yesu alihukumiwa kwa kosa gani hasa mbele ya baraza, jibu liko katika aya hizo nne.

Ubinadamu. Hapa Marko ana nguvu kuliko Injili nyingine zote. Nimewahi kuisoma sura ya nne na kikundi chenye wavuvi kando ya Ziwa Victoria, nao hawakuanza na muujiza. Walianza na usingizi: mtu analalaje shetrini, kichwa juu ya mto, na mawimbi yanaingia chomboni? Mmoja akajibu kwamba analala hivyo aliyechoka kupita kiasi, na wenzake wakakubali, kwa kuwa wanaujua uchovu huo. Kisha yuleyule aliyelala anaamka na kuiambia bahari, "Nyamaza, utulie," kukawa shwari kuu. Katika Zaburi 107:29, anayeituliza dhoruba ni Bwana. Wanafunzi walikuwa na hofu wakati wa tufani, lakini Marko anasema hofu kuu iliwaingia baada ya shwari. "Ni nani huyu, basi, hata upepo na bahari humtii?" Mafundisho yote mawili yamo ndani ya chombo kimoja, katika aya saba, na Marko hajatumia neno hata moja la kitaalamu.

Aya ngumu. Ziko mbili. Katika 10:18 Yesu anamwuliza yule tajiri, "Kwa nini kuniita mwema? Hakuna aliye mwema ila mmoja, ndiye Mungu." Wengi huisoma kama kukana. Isome hadi aya ya 21: baada ya kuzitaja amri, Yesu anamwambia auze alivyo navyo, kisha, "njoo unifuate." Hakukana wema. Alimtaka mtu yule apime neno alilolitamka kwa wepesi, halafu akajiweka mwenyewe mahali pa mwisho pa utii wake. Ya pili ni kali zaidi, 13:32: habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, "hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba." Wafuasi wa Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, waliitumia sana aya hii katika karne ya nne. Athanasi wa Aleksandria na Gregori wa Nazianzi, maaskofu wa karne hiyohiyo, walijibu kwamba asiyejua hapo ni Kristo katika ubinadamu wake, maana alitwaa ubinadamu wa kweli wenye mipaka yake, uleule ambao Luka 2:52 inasema ulikua katika hekima. Waonyeshe pia wanakikundi mpangilio wa aya: wanadamu, malaika, Mwana, Baba. Mwana ametajwa juu ya malaika, upande wa Baba.

Muda na ugumu. Sura 16, Injili fupi kuliko zote. Ukisoma kwa sauti bila kukatiza unaimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Waeleze mapema kwamba 16:9-20 haimo katika baadhi ya hati za kale kuliko zote, ili asije mtu akashtuliwa na jambo hilo nje.

Inamfaa nani. Vijana, watu wa kazi za mikono, watu wasiopenda hoja ndefu, na yeyote aliyezoea Yesu asiyegusika na uchovu. Haimfai sana mtu anayetaka aya moja ya kutoa kwenye mabishano. Marko anataka asomwe mfululizo.

Injili ya Yohana

Uwazi. Hakuna andiko la Agano Jipya linalotamka wazi zaidi. Linafungua na "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu," na kuelekea mwisho Tomaso anamwambia Yesu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Injili nzima imekaa kati ya kauli hizo mbili.

Kwa Tomaso simama. Milango imefungwa, siku nane zimepita tangu akatae kuamini, na sasa anaalikwa alete kidole chake hapa na mkono wake ubavuni. Anatamka maneno ambayo Myahudi mcha Mungu hamwambii mwanadamu. Sasa linganisha na sehemu nyingine mbili. Katika Matendo 14, watu wa Listra wanawaita Barnaba na Paulo miungu, nao wanararua nguo zao na kupiga kelele kuwazuia. Katika Ufunuo 22, Yohana anaanguka miguuni pa malaika, na malaika anamwambia asifanye hivyo, amsujudie Mungu. Yesu hamzuii Tomaso wala harekebishi kauli yake. Anaipokea na kuiita kusadiki. Katika miaka yangu ya kuongoza vikundi sijaona ulinganisho unaowafungua watu macho kama huu.

Ubinadamu. Watu husema Yohana anamwonyesha Yesu wa mbinguni tu. Hawajasoma vizuri. Sura ya nne anaketi kisimani amechoka na safari, anaomba maji. Sura ya 11 analia machozi akielekea kaburini mwa Lazaro. Msalabani anasema, "Naona kiu," na askari anapomchoma ubavu zinatoka damu na maji. Hata hivyo ni kweli kwamba katika Yohana mambo haya yanafunikwa na hotuba ndefu, na mwalimu asipoyatafuta hayatajitokeza yenyewe.

Aya ngumu. Zipo tatu, na wanaopinga fundisho hili wanazijua kwa moyo. "Baba ni mkuu kuliko mimi" (14:28). "Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma" (17:3). Na baada ya ufufuo, "Baba yangu naye ni Baba yenu ... Mungu wangu naye ni Mungu wenu" (20:17). Kosa kubwa ni kuzijibu kwa kurusha 10:30, "Mimi na Baba tu umoja," na kuhesabu nani ana aya nyingi. Zisome mahali zilipo. Katika 14:28 Yesu anazungumzia kurudi kwa Baba kutoka katika hali ya unyenyekevu, naye Mwana amepata yote kutoka kwa Baba. Baba mwenyewe hatoki kwa mwingine. Katika 17:3, aya mbili tu baadaye, anaomba utukufu "niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako," na katika Isaya 42:8 Bwana anasema hatampa mwingine utukufu wake. Katika 20:17 anayenena ni yeye aliye mwanadamu kweli, na mwanadamu wa kweli anaye Mungu anayemwabudu. Tena kumbuka kwamba aya hiyo na ungamo la Tomaso zimo katika sura moja. Mwandishi hakuona kwamba zinapingana.

Jirani aliye Shahidi wa Yehova atafungua tafsiri yake, ambamo 1:1 inasomeka kwamba Neno alikuwa "mungu" kwa herufi ndogo. Kama hujasoma Kigiriki, usijifanye umesoma. Mpeleke 1:3, ambapo vyote vilifanyika kwa huyo Neno, wala pasipo yeye hakikufanyika chochote kilichofanyika, kisha muulize Neno mwenyewe amewekwa upande gani.

Muda na ugumu. Sura 21. Maneno ni mepesi, mawazo ni mazito. Kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa juma, sura zote ni kazi ya miezi. Wengi huchagua sura 1, 5, 8, 14, 17 na 20, na uteuzi huo unatosha.

Inamfaa nani. Waumini wanaotaka kauli za wazi, wanaojiandaa kwa mazungumzo ya mlangoni, na wanaosali kwa kutafakari. Ni ngumu kwa anayeanza kabisa. Aliyelelewa katika makanisa yanayobatiza kwa jina la Yesu pekee, ambako hufundishwa kwamba Baba na Mwana si nafsi mbili, atakuta Yohana anamsukuma sana, hasa sura ya 17 ambapo Mwana anamwomba Baba. Nenda naye polepole. Umungu kamili wa Yesu mnakubaliana. Mnachotofautiana ni uhusiano wake na Baba.

Waraka kwa Waebrania

Uwazi. Sura ya kwanza haizunguki. Mwana ni "mng'ao wa utukufu wake na chapa ya nafsi yake," anavichukua vyote kwa amri ya uweza wake, malaika wanaamriwa wamsujudu, na katika aya ya 8 anaambiwa, "Kiti chako cha enzi, Mungu, ni cha milele na milele." Mwandishi anapanga nukuu saba za Agano la Kale mfululizo. Inayonishangaza zaidi kila nikiisoma ni ile ya Zaburi 102 katika aya ya 10. Zaburi ile inamwimbia Muumba aliyeitia misingi ya nchi, na mwandishi wa Waebrania anaiweka kuwa maneno aliyoambiwa Mwana.

Ubinadamu. Sura ya pili inageuka ghafla. Kwa kuwa watoto wameshiriki damu na mwili, yeye naye alishiriki yayo hayo. Sura ya nne inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Sura ya tano inataja maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi. Waraka huu hauachi umungu na ubinadamu vikae bega kwa bega tu. Unaeleza kwa nini vyote viwili vinahitajika. Kuhani asiyekuwa mmoja wetu hawezi kutuwakilisha, na mwanadamu mtupu hawezi kutufikisha kwa Mungu.

Aya ngumu. 5:8: "ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata." Mtu atauliza, Mungu anajifunzaje? Jibu limo katika neno "ingawa". Mwandishi ameshasema Mwana ni nani. Sasa anaeleza kwamba utii wake ulipitia maumivu halisi, hatua kwa hatua, kama utii wa mwanadamu yeyote. Hakutoka katika uasi kuingia katika utii. Jiandae pia kwa 6:4-6, kuhusu walioanguka baada ya kupewa nuru. Aya hizo hazihusiani na mada yetu, lakini zitakula jioni nzima kama hukupanga siku yake.

Muda na ugumu. Sura 13 zinazomtaka msomaji ajue Walawi, hema ya kukutania na Melkizedeki. Kikundi kisichosoma Agano la Kale kitapotea kufikia sura ya saba. Ukibanwa na muda, soma sura 1, 2, 4 na 5 peke yake. Mwandishi hajulikani. Origeni, mwalimu wa karne ya tatu, alisema Mungu ndiye ajuaye, na kwangu hilo halipunguzi kitu.

Inamfaa nani. Wagonjwa, wafiwa na waliochoka na imani yao, ingawa wengi hudhani ni waraka wa wasomi. Mama anayelala hospitali na mtoto wake juma la tatu akisomewa 4:14-16 anasikia kwamba aliye katika kiti cha enzi anaweza kuchukuana naye katika udhaifu wake. Unawafaa pia wanaoheshimu malaika kupita kiasi, na mahubiri ya siku hizi yamewazalisha wengi.

Kanuni ya Imani ya Nikea

Uwazi. Iliandikwa mahususi ili pasiwe na pa kukwepea. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe cha kwanza na bora kuliko vyote, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwako. Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, mji ambao leo ni İznik nchini Uturuki, mwaka 325. Walitamka kwamba Mwana ni Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba. Maaskofu wawili kutoka Libya, Theona na Sekundo, walikataa kutia sahihi. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa 381 ndio unaohusishwa na Kanuni tunayoisali leo. Athanasi, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi na baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mjini mwake mara tano kwa kuitetea imani hii. Ndiye pia aliyemweka wakfu Frumensi kuwa askofu wa Aksum, na kwa mkono huo imani ya Nikea ilifika Ethiopia katika karne hiyohiyo. Waambie wanakikundi hilo, maana wengi wanadhani fundisho hili lilifika Afrika kwa meli za wamisionari.

Hoja ya Athanasi ilikuwa ya wokovu kabla ya kuwa ya falsafa. Kama Mwana ni kiumbe, basi Wakristo wanaomwomba wanaabudu kiumbe. Na kiumbe, hata kiwe bora namna gani, hakiwezi kutuunganisha na Mungu.

Ubinadamu. Upo, ila kwa ufupi: akapata mwili, akawa mwanadamu, akateswa, akafa, akazikwa. Kutoka kuzaliwa Kanuni inaruka hadi Ponsyo Pilato. Hakuna Kapernaumu wala kisima cha Samaria. Ukiifundisha peke yake, kikundi kitajua Kristo ni nani bila kumsikia akisema neno. Mtaguso wa Kalkedonia wa 451 uliongeza ufafanuzi: Mungu kamili, mwanadamu kamili, bila kuchanganywa, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Wakopti na Waethiopia hawakuupokea mtaguso huo kwa sababu ya namna ulivyosema juu ya asili mbili, lakini umungu kamili na ubinadamu kamili wa Kristo wanaukiri kama sisi. Tusiwaite wazushi.

Aya ngumu. Ni maneno "aliyezaliwa bila kuumbwa" na "mwenye umungu mmoja". La pili halimo katika Biblia, na wapo maaskofu waliosita kulipokea kwa sababu hiyohiyo. Athanasi hakukataa kwamba neno halimo. Alisema maana yake imo. Lile la kwanza lina uzito wa pekee pwani na popote tunapoishi na Waislamu, kwa kuwa Sura Al-Ikhlas ya Kurani inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Jirani Mwislamu anaposikia "Mwana" anafikiri mke na mimba, na hapo Mkristo anaweza kukubaliana naye kwa moyo wote kwamba Mungu hana mke wala hazai kimwili. Nikea inasema juu ya kutoka kwa Baba tangu milele, pasipo mwili na pasipo mwanzo. Kueleza hivyo hakutamfanya akubali. Ila atajua unachoamini hasa, nawe utajua anachokataa.

Muda na ugumu. Unaisoma kwa dakika mbili. Kuieleza kunahitaji vipindi vinne au vitano, na mwalimu aliyejiandaa katika historia.

Inamfaa nani. Wanaoisali kila Jumapili bila kuisikia tena, wanafunzi wa vyuo, na makatekista. Inamfaa pia anayeishi na Waislamu, kwa kuwa sentensi yake ya kwanza inamkiri Mungu mmoja. Kwa makanisa ambayo hayana desturi ya kukiri kanuni, usianze nayo. Itaonekana kama sheria ya kanisa jingine. Waache wafike kwenye maneno yale kupitia Maandiko.

Kwa hali yako

Kama una vijana wa kipaimara na Jumapili chache tu, shika Marko 2, 4 na 14, kisha umalizie kwa kusoma pamoja sehemu ya Kanuni inayomhusu Mwana. Watakuwa tayari wana picha za kuyajaza yale maneno.

Kama jumuiya yako inatembelewa mara kwa mara na Mashahidi wa Yehova na watu wameanza kuyumba, shika Yohana, na anza na zile aya tatu ngumu juma la kwanza kabisa. Ongeza Wakolosai 1:15-17, kwa kuwa "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote" itatajwa tu. Wageni wapokeeni kwa adabu, wapeni kiti na maji.

Kama ni familia yenye Wakristo na Waislamu, au ndoa inakaribia kati ya watu wa dini hizi mbili, eleza kwa Kanuni ya Nikea, halafu msome pamoja kesi ya Marko 14. Usitafute ushindi. Swali linaloulizwa mara nyingi katika mihadhara, ni wapi Yesu alisema "Mimi ni Mungu, niabuduni", linastahili jibu la kweli: kwa maneno hayo, hakuna. Yapo aliyoyadai na kuyapokea, na baraza lililomhukumu liliyaelewa.

Kama kikundi chako kimefiwa, au kina mgonjwa wa muda mrefu, acha mengine yote usome Waebrania 2, 4 na 5 polepole, bila maswali ya kujaza.

Kama mnao wakati wa Kwaresima nzima, Marko iwe majuma matatu, Yohana 14, 17 na 20 majuma mawili, na Waebrania 1 na 2 juma la mwisho kabla ya Juma Kuu. Kanuni ya Imani isalini mwishoni mwa kila kipindi.

Na kama unasoma peke yako, ukiwa na mashaka ambayo hujamwambia mtu, anza na Marko. Soma kwa sauti hadi 4:41, usimame, uandike kwenye daftari jibu lako kwa swali la wale waliokuwa chomboni, hata kama jibu ni "sijui bado." Kisha endelea hadi yule akida chini ya msalaba, 15:39, ulinganishe alichokisema na ulichoandika.